Wakuu naomba ushauri, nina kopo la vibati vya zamani vya leseni ya mbwa

Mlezi_PA: Habari zenu wadau. Niko Marekani, Pennsylvania. Nina kopo la vibati vya leseni ya mbwa (vile vya kuning'iniza kwenye kola kuonyesha mbwa amelipiwa), kimoja cha shaba kimeandikwa Pittsburgh 1908 na namba, kuna vya alumini, na kimoja cha 1943 kama plastiki. Nitajuaje ni orijino? Na nivisafishe? Nimechanganyikiwa, kuna mtu eBay anasubiri jibu.

KutuYaShaba: USISAFISHE mkuu. Ukisugua ile rangi ya ukongwe umeua bei. Angalia tundu, kama pete ya kola imekula upande mmoja likawa refu, mbwa alikivaa kweli. Cha 1943 usishtuke, vita ilikula metali, miji mingi ikatoa vya faiba. Maumbo nayo yalibadilishwa kila mwaka ili mkamata mbwa aone kwa mbali nani hajalipa. Umevipata wapi?

Mlezi_PA: Nimepewa.

ShangaziTanga: Wazungu na mbwa! Marehemu baba alikuwa na mbwa anaitwa Simba, kodi halipi, akisikia watu wa manispaa wanakuja anamfungia stoo, mbwa naye anabweka humohumo 😂

KutuYaShaba: Umepewa na nani?

Mlezi_PA: Na babu ninayemhudumia nyumbani kwake. Anasahau sahau lakini siku ile alikuwa na akili timamu kabisa, alinishika mkono akasema chukua mwanangu. Binti yake haji hata sikukuu. Mimi ndiye ninayemuogesha.

Mchungaji_Kivuli: Kijana, cha mgonjwa hakichukuliwi, hata akikulazimisha.

DadaNesi: Mdogo wangu, mi nafanya kazi hiyohiyo. Ajensi nyingi ni marufuku kupokea zawadi, na mwenye dementia binti akikushtaki unapoteza kazi na cheti. Mwambie binti kwa maandishi, leo.

Mlezi_PA: Dada, akikataa je? Babu mwenyewe ndiye alitaka.

Mzee_wa_Lancaster: Hii chai. Nimefuga mbwa huku miaka, leseni Pennsylvania inatoka kwa mweka hazina wa kaunti, sasa jina la mji limetoka wapi? Weka picha.

KutuYaShaba: Mzee hapo umeteleza. Pittsburgh inatoa yake yenyewe, mbali na Kaunti ya Allegheny ambayo mji uko ndani yake. Tena 1908 ni kabla ya ile Sheria ya Mbwa ya jimbo ya 1921.

Mzee_wa_Lancaster: Sawa, picha iko wapi?

ShangaziTanga: Kweli, picha!

Mlezi_PA: Picha ziko eBay, siwezi kuweka link, binti anaweza kuona. Na cha 1908 hela imeshaingia ila mzigo sijatuma.

DadaNesi: Si ulisema mtu anasubiri jibu?

KutuYaShaba: Rudisha hela ya watu leo, futa tangazo, kopo lirudi kabatini kwa babu. Binti akikubali, njoo inbox nikuelekeze bei, bure.