Mashine za masikio za bi mkubwa zinapiga mluzi na zinamchosha. Tuanzie wapi?

MwanaMakorora

Wakuu, salaam. Bi mkubwa ana miaka 70, tuko Tanga. Kapimwa, karatasi inaonyesha wastani wa upungufu wa usikivu wa desibeli 55 sikio la kulia na 60 la kushoto. Kapewa mashine mbili za kukaa nyuma ya sikio, zile zenye mrija na moldi iliyofinyangwa kufuata umbo la sikio. Zinatumia betri namba 13.

Zinapiga mluzi, hasa akishajifunga mtandio. Anasema akiongea anajisikia kama yuko ndani ya pipa. Feni na sahani zinamkera kuliko zamani. Betri nyingine haifiki siku nne. Ya kushoto hukatika mchana wa jua kali, usiku inafanya kazi. Matokeo yake anazivaa wakija wageni tu. Mjomba anashauri avae moja apumzishe sikio la pili. Na suala la udhu tulifanyeje, maana anatawadha mara kadhaa kwa siku? Naomba msaada wa wanaojua hivi vitu.

FundiMrija

Salaam mkuu. Nianze na mluzi, kwa sababu ukiuacha utaharibu kila kitu kingine.

Mluzi ni sauti iliyokwisha kuzwa na mashine, inavuja nje ya sikio, kipaza sauti (maikrofoni ya mashine) kinaidaka, inakuzwa tena, inazunguka hivyo hivyo. Kwa hiyo swali ni moja tu: inavujia wapi? Utapajua kwa kidole chako.

Washa mashine ikiwa nje ya sikio, ifumbate kiganjani. Ikipiga mluzi ni nzima na betri ina nguvu. Sasa ziba kwa kidole tundu la ncha ya moldi, lile linaloingia sikioni. Kama kuna tundu dogo la hewa pembeni, lizibe nalo. Mluzi ukikatika, mashine na mrija havina kosa, uvujaji uko kati ya moldi na sikio. Usipokatika, chomoa mrija kwenye ndoano (ile plastiki ngumu iliyopinda juu ya sikio) na uzibe tundu la ndoano. Ukikatika hapo, kasoro iko kwenye mrija au moldi. Ukiendelea, ndoano imepasuka au kuna tatizo ndani ya mashine yenyewe, na hilo ni la karakana, si la nyumbani.

Ukichomoa mrija shika ndoano, usishike mwili wa mashine, na uzungushe kidogo huku ukivuta. Alama nyekundu ni kulia, buluu ni kushoto. Ukirudisha, hakikisha moldi inaangalia upande uleule wa mashine, la sivyo itamkataa sikioni utadhani moldi imeharibika.

Kama uvujaji uko sikioni, kabla hujalaumu moldi mtazame anavyoivaa. Wazee wengi huingiza ile ncha ya chini, kile kipembe cha juu kinabaki nje ya mkunjo wa sikio. Avute sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, aingize ncha, kisha azungushe moldi kuelekea nyuma mpaka kipembe kiingie chini ya mkunjo. Ikikaa sawasawa, kidole kikipita juu yake hakikwami mahali. Asipake mafuta ya mgando ili iteleze, yataziba tundu.

Nta nayo hurudisha sauti nje. Apelekwe achunguzwe sikio kwa taa. Pamba za vijiti marufuku, zinaisukuma nta ndani zaidi. Na kama sikio limewahi kutoa usaha au ngoma ina tundu, asitiwe tone la kitu chochote kabla daktari hajaangalia.

Mtandio: kitambaa kinachobana juu ya vipaza sauti kinarudisha sauti na pia kinakwaruza. Afunge kwa ulegevu kidogo kwenye masikio, kitambaa chepesi, pini isikae karibu na mashine. Mkienda kliniki mwambieni mtaalamu arudie kipimo cha kuzuia mluzi akiwa amevaa mtandio. Kwa kawaida hufanywa kichwa wazi, halafu mtu anarudi nyumbani kuishi na mtandio.

Moja la kukataa: kupunguziwa sauti nyembamba ili mluzi uishe. Inaleta utulivu kweli, lakini ndiko ziliko s, f na sh. Atabaki anasikia kwamba unaongea bila kujua umesema "fika" au "shika".

Kavu_Daima

Mimi nichukue betri na unyevu, ugonjwa wetu wa pwani.

Betri namba 13 (kibandiko cha rangi ya machungwa) ni ya zinki na hewa. Ina vitundu juu, inavuta oksijeni ndipo inafanya kazi. Ukishabandua kile kibandiko imeanza kuzeeka, kukibandika tena hakuisimamishi. Ukibandua, iache wazi dakika 3 hadi 5 kabla ya kuifungia ndani. Ukiitia papo hapo haijapata hewa ya kutosha na itaisha mapema. Kwa matumizi ya siku nzima namba 13 hukaa takriban wiki moja hadi mbili.

Siku nne ni chache. Angalieni tarehe ya mwisho kwenye pakiti, na kama dukani zilikuwa zimeanikwa dirishani juani msizinunue. Kusikiliza simu moja kwa moja kupitia mashine pia kunakula betri sana. Pia msikubali muuzaji awape "ya saa ya mkononi inayofanana". Kuipima kwa mita ya fundi redio hakusaidii sana: betri za aina hii hushikilia volti karibu zilezile mpaka karibu na mwisho, halafu zinaanguka ghafla. Msiweke kwenye friji, zinatoa jasho. Wala pochini pamoja na sarafu na funguo. Na wajukuu wasizifikie kabisa. Mtoto akimeza betri ni hospitali mara moja, msisubiri aitoe chooni.

Hiyo ya kushoto inayokatika mchana, naanza kushuku jasho. Ama limeziba vitundu vya betri au kipaza sauti, ama kuna tone la maji ndani ya mrija. Hewa ya sikioni ina joto na unyevu, ikikutana na ubaridi, kwa mfano akiingia benki yenye kiyoyozi, inageuka maji ndani ya mrija. Tone dogo tu linaziba sauti yote. Inueni mrija kwenye mwanga mtaliona. Chomoeni, msukume hewa kwa kipulizio cha mpira. Msipulize kwa mdomo, mnaongeza unyevu.

Kila usiku: pangusa kwa kitambaa kikavu, toa betri, acha mlango wa betri wazi, weka mashine kwenye chombo kinachofungwa kabisa chenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu). Betri ikae nje ya chombo maana nayo hukauka ikapoteza uhai. Nunueni silika ya kubadilika rangi. Nyingi hutoka rangi ya chungwa kwenda kijani zikishashiba maji, basi mnazikausha kama pakiti inavyoelekeza au mnabadilisha. Mchele ambao watu wanashauri unanyonya polepole na vumbi lake linaingia kwenye vipaza sauti. Jua la dirishani na mashine ya kukaushia nywele vyote hapana.

Moldi mara moja kwa wiki ichomolewe pamoja na mrija wake, ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ipulizwe, ilale usiku mzima ikauke. Mashine yenyewe haiguswi na maji. Spiriti pia hapana, inaharibu moldi na kuikakamaza.

Udhu ni rahisi: atoe zote mbili kabla hajaanza, aziweke kwenye kikasha kikavu mbali na birika, atawadhe, apanguse masikio kwa kitambaa kikavu, asubiri kidogo, avae. Kikasha kimoja, mahali pamoja kila siku. Zinazoachwa ukingoni mwa sinki ndizo zinazotumbukia. Asubuhi mafuta ya nywele na manukato kwanza, mashine mwisho.

Nyuzi500

Waliotangulia wamemaliza vyombo, nimalizie sikio na ubongo.

Sauti ya pipa ina vyanzo viwili na vinatibiwa tofauti. Avae mashine zikiwa zimezimwa, avute "iiii" ndefu. Pipa likibaki pale pale, ni kizibo: sauti yake inapita kwenye mifupa, inaingia mferejini mwa sikio, na moldi inaizuia isitoke. Dawa ni kupanua tundu la hewa la moldi, au moldi yenye ncha ndefu zaidi. Pipa likipotea zikizimwa, basi sauti nene zimekuzwa mno, mtaalamu atazipunguza kwenye kompyuta. Mkumbuke tu kwamba kupanua tundu la hewa kunaongeza mluzi. Ndiyo maana FundiMrija kaanza alipoanzia.

Feni na sahani: feni ilikuwa inalia miaka yote, yeye ndiye aliyeacha kuisikia. Ubongo unahitaji wiki kadhaa kuirudisha kwenye kundi la vitu visivyo na maana, na hauwezi kujifunza kwa mashine zinazokaa sandukuni. Kuvaa wageni wanapokuja ndio mtihani mgumu kuliko yote, watu sita wanaongea pamoja na sufuria zinagongana. Geuzeni. Wiki ya kwanza saa 2 hadi 4 kwa siku, ndani, feni ikiwa polepole, na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Kisha redio ya taarifa ya habari. Kisha uani, kisha sokoni. Ndani ya wiki 3 au 4 awe anavaa tangu anaamka hadi kulala. Mashine nyingi hurekodi wastani wa saa zilizovaliwa, mtaalamu ataziona hata kama bi mkubwa atasema "navaa kila siku, mwanangu".

Sahani zikiendelea kumuumiza (kuumiza, si kukera) baada ya muda huo, kiwango cha juu cha sauti ya mashine kishushwe. Muulizeni mtaalamu kama alipima sauti kwa kamrija kembamba ndani ya sikio, mashine ikiwa imevaliwa. Bila kipimo hicho marekebisho ni makadirio ya kompyuta, na mfereji wa sikio la mama yako haufanani na wa kwenye kompyuta.

Mjomba tumheshimu, lakini hapana. Masikio yamepungua karibu sawa, basi yavae yote. Masikio mawili ndiyo yanayomwambia bajaji inatoka upande gani, na ndiyo yanayomsaidia kuchomoa sauti moja kati ya kelele. Sikio halipumziki kwa kunyimwa sauti.

Ninyi wa nyumbani nanyi mna kazi. Mashine hufanya vizuri mita 1 hadi 2. Eneo la wazi, kila umbali ukiongezeka maradufu sauti inashuka desibeli 6. Kumwita kutoka jikoni si tatizo la mashine. Mwiteni kwa jina kwanza, uso uwe kwenye mwanga, msipige kelele kwa sababu kelele hupotosha maneno na mdomo wenyewe. Asiposikia mara ya pili, badilisheni maneno badala ya kurudia yaleyale. Simu aiweke juu, pale vipaza sauti vya mashine vilipo nyuma ya sikio, asiibane kwenye moldi.

Usikivu ukishuka ghafla ndani ya saa au siku chache, hata sikio moja, ni daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo. Kuna dawa, na kila siku inayopita inapunguza faida yake. Usaha, maumivu, kizunguzungu, hivyo pia ni vya daktari. Moldi ikimchubua asivumilie, aivue na ipelekwe ikasagwe.

Pitapita_tu

Mbona mtandaoni kuna vifaa vya bei ya chini kabisa, unavaa tu bila kupimwa? Shida yote hii ya nini.

Nyuzi500

Hivyo ni vikuza sauti, vinakuza vyote kwa mkupuo, feni pamoja na mtu. Mama huyu huenda sauti nene anazisikia vizuri bado, nyembamba ndizo zilizopotea. Kikuza kitamzamisha kwenye zile asizozihitaji. Na vingine havina kikomo cha kuaminika cha sauti ya juu. Kapimwa tayari na mashine anazo, kwa nini arudi nyuma?

MwanaMakorora

Nashukuru sana wakuu. Nimefanya kipimo cha kidole. Ya kulia mluzi unakatika nikiziba ncha ya moldi, na kweli kile kipembe cha juu kilikuwa nje. Ya kushoto haukatiki nikiziba ncha, ila unakatika nikiziba ndoano. Mrija wake umekuwa wa manjano na mgumu.

FundiMrija

Basi ya kushoto ni mrija. Ukikakamaa unapasuka pale unapoingia kwenye moldi, mara nyingi ufa wa nywele tu usiouona, na ukisinyaa unaivuta moldi itoke sikioni. Pia ufa huo unaweza kuingiza jasho, kwa hiyo ile kukatika mchana huenda ikapungua. Mrija hubadilishwa kila miezi 3 hadi 6. Kwa joto la Tanga usingoje sita.

Msiubadilishe nyumbani. Ukikatwa mfupi unavuta moldi, ukiwa mrefu mashine inaning'inia nyuma ya sikio. Nendeni na bi mkubwa mwenyewe, si moldi peke yake, upimwe ukiwa sikioni. Badilisheni wa kulia siku hiyohiyo hata kama unaonekana mzima, umri wao ni mmoja. Mkiwa hapo mluzi wa kulia ukirudi ilhali kipembe kimeingia, ombeni ichukuliwe alama mpya ya sikio (umbo lake la kufinyangia moldi) akiwa amefumbua mdomo, kwa sababu mfereji hubadilika umbo taya likifunguka, na moldi iliyochukuliwa mdomo ukiwa umefungwa huvuja anapotafuna na anapoongea.