Yule dada wa udahili kaniuliza kama nilisoma MITISHAMBA

Wakuu, ndiyo kwanza nimekata simu ya video na mkono bado unatetemeka. Ni yule dada wa udahili wa wageni, wa kile chuo cha Marekani, cha kwenye theluji. Mliopita mikononi mwake mnamjua. Zile kucha zikianza kugonga kibodi, ujue kuna mtoto wa watu anakosa chuo.

Niko mwaka wa tatu famasia hapa Bongo, nataka kuhamia kwao. Kila walichotaka nimeleta. Transkripti kwenye bahasha iliyofungwa, muhuri umekaa juu ya gundi. Wakaguzi wa vyeti nimewalipa kwa dola. TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, nimefanya, mimi niliyefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza! Muhtasari wa kila kozi, hadi saa za maabara za kemia ya ogani.

Basi usiku wa manane kwetu, kwake mchana, dada anafunua kurasa huku anakula saladi. Ananyanyua kichwa: "Hii famasia yenu ni ya dawa, au ya mitishamba?"

MITISHAMBA!!!

Mimi niliyekesha na bureti nikipima aspirini mpaka nikaota rangi ya waridi! Na nyanya imening'inia kwenye uma wakati anauliza! Halafu anamalizia, "naulizia tu." Krediti zangu za masomo niliyosoma hapa nazo kazikataa, lakini hilo liacheni kwanza. Mitishamba, wakuu. Nyanya iko kwenye uma.

Mtoto_wa_Kkoo: Ungemwandikia mwarobaini mililita 5, kutwa mara tatu, baada ya saladi 😂😂

SindanoBaridi: Pole mkuu, ila kwenye krediti ulitegemea nini? PharmD, digrii yao ya famasia, ni miaka minne, juu ya angalau miwili ya masomo ya awali. Ukitoka nje, vyuo vingi vinakuanzisha mwaka wa kwanza. Wanaopokelewa katikati ni wale wa vyuo vyenye ithibati ya ACPE, chombo chao cha kukagua vyuo vya famasia, na hata hao wanabembeleza. Soma kwanza ndiyo ulie.

Mleta uzi: Nani kauliza krediti? MI-TI-SHA-MBA.

Nyota_Nakuru: Wabongo jameni, drama tu. Maliza digrii yako nyumbani, ufanye FPGEE, mtihani wao wa wafamasia waliosoma nje, kama wengine. Sisi tunasoma miaka mitano na hakuna mtu ametuuliza miti.

SindanoBaridi: Dada, yetu ni minne. NABP, wenye huo mtihani, wanataka mitano kwa kila aliyehitimu kuanzia Januari 2003. Mfamasia wetu wa baada ya hapo, hata awe na leseni, anagonga mwamba hapo hapo.

Nyota_Nakuru: Woiye. Basi njooni Kenya mwongeze mmoja 😂

Mtoto_wa_Kkoo: Kula chuma hicho.

MzeeWaPCAT: Watoto wa siku hizi mnalilia swali moja. PCAT yenyewe, mtihani wa kuingilia famasia huko, mmefutiwa 2024. Sisi tuliifanya, tukalipa, na hatukuulizwa mitishamba kwa sababu hakuna aliyetujibu barua pepe.

BandoLimekata: Nyie mna bahati mnaongea na binadamu. Mimi nimelipa dola 350 za SEVIS, ada ya kusajili wanafunzi wa kigeni, na 185 za viza, nimefika dirishani ubalozini, swali moja tu: "Nani atakulipia?" Kabla sijataja jina la mjomba, karatasi ya kukataliwa iko mkononi. Na 185 hairudi!

Nyota_Nakuru: Dirisha la yule mzee wa miwani?

BandoLimekata: HUYO HUYO!!!

Mtoto_wa_Kkoo: Yule? Kamnyima shemeji yangu viza huku anamsifia tai.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye mada, yule dada...

SindanoBaridi: Subiri kwanza wewe. Bando, alivua miwani au alikuangalia kwa juu?

BandoLimekata: Kwa juu.

MzeeWaPCAT: Basi ulishakataliwa kabla hujafika dirishani. Fungua uzi wake tuhamie huko.