Ushauri: mpwa wangu anampenda Storm wa X-Men, nimwanzishie muvi au komiki?

Mjomba wa Ubungo

Wakuu, salamu kwenu. Wajuzi wa komiki na muvi za mashujaa naomba msaada wenu. Wasiopenda mambo haya wapite kimya kimya, sitawashika shati.

Nina mpwa wangu wa kike, yuko kidato cha pili, anakuja kukaa kwangu likizo ya mwezi wa sita. Kichwa chote kimejaa Storm, yule shujaa wa X-Men anayeamrisha upepo, mvua na radi. Ameshajua kwamba mama yake Storm ni Mkenya, na ameshaniuliza kama kweli aliabudiwa kama mungu huku kwetu. Sasa ameniagiza nimwandalie kila kitu cha Storm, na anaposema kila kitu huwa hatanii.

Muvi za X-Men nimeziona zote tangu ile ya mwaka 2000. Komiki nimeanza kuzisoma juzi juzi tu, hasa zile za miaka ya 80 za Chris Claremont, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Yule Storm wa Halle Berry anasimama pembeni, macho yanageuka meupe, upepo unavuma, kazi imeisha. Huyu wa komiki ndiye kiongozi wa kikosi! Chukua toleo la 170, la mwaka 1983. Mwenzao ametekwa na mutanti (watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida) wanaoishi kwenye mahandaki chini ya New York, Wamorlock, na kiongozi wao ni mwanamke anaitwa Callisto. Storm yuko hoi kwa ugonjwa, kusimama kwenyewe shida, lakini anakubali kupigana kisu kwa kisu, nguvu zake za radi haziruhusiwi. Na anamchoma Callisto kifuani. Wamorlock wana mganga wao ndiye anayemwokoa. Kwa sheria zao Storm ndiye anakuwa mkubwa wao.

Callisto huyo huyo yumo kwenye muvi ya tatu, ya 2006, na wanapigana. Storm anammaliza kwa umeme. Nikajiuliza, sasa hapo wamebakiza nini?

Rafiki yangu mmoja anasema nisimwonyeshe mtoto muvi hata moja, zote ni uhaini. Mwingine anasema komiki za zamani zina maneno mengi kama barua ya mahakama, mtoto atalala ukurasa wa pili. Mngekuwa nyie mngeanza na nini?

Chumvi Nyingi

Komiki. Mada imefungwa.

Sitanii mkuu. Hawa jamaa wa muvi wananunua jina na nguo, mtu mwenyewe wanamwacha. Mwaka 1993 Bane aliingia kwenye komiki za Batman akiwa na akili kuliko misuli: anafungulia wafungwa wa Arkham, anamwacha Batman awakimbize mmoja mmoja mpaka achoke, halafu anamfuata nyumbani na kumvunja mgongo. Miaka minne baadaye muvi ikamgeuza pandikizi la mtu linalonguruma, kazi yake kubeba mizigo ya Poison Ivy. Deadpool, mtu ambaye silaha yake kubwa ni mdomo, mwaka 2009 walimshona mdomo! Catwoman wa 2004 hata jina sio lake. Selina Kyle hayumo kabisa, kuna dada mwingine tu na paka.

Ukimwanzishia muvi, atakuja kusoma komiki akiwa na sura ya mtu mwingine kichwani.

Nyamachoma254

Chumvi, punguza chumvi buda.

Unaongea kama komiki zilishuka kutoka mbinguni zikiwa zimekamilika. Superman alipotoka mwaka 1938 hakuwa anapaa, alikuwa anaruka tu majumba. Kryptonite, ile kitu yenye kila mtoto anajua inammaliza nguvu, ilitoka kwa mchezo wa redio mwaka 1943, komiki wakaichukua baadaye. Alfred, mtumishi wa Batman, alianza akiwa mnene. Filamu ya mfululizo ya 1943 ikamwonyesha mwembamba na masharubu, komiki nao wakampunguza kilo. Harley Quinn alizaliwa kwa katuni ya TV mwaka 1992, wala si kwa kitabu.

Na kuna hii ya Nick Fury, mkuu wa majasusi wa Marvel. Kwa komiki za 1963 ni sajenti mzungu. Mwaka 2002 kwa komiki ya The Ultimates wakamchora upya akiwa na sura ya Samuel L. Jackson. Halafu 2008 ni Jackson mwenyewe anatokea mwisho wa Iron Man akiwa Fury. Hapo nani ameiga nani? Wewe niambie.

bintiTanga

Mimi nimekuja kwa ajili ya wigi za Halle Berry tu. Kila muvi wigi jingine. Na ile lafudhi ya muvi ya kwanza ilipotelea wapi jamani, maana ya pili anaongea Kimarekani safi.

Radi Kavu

Mjomba wa Ubungo, umeuliza swali zuri na umelijibu nusu bila kujua. Ile hoja yako ya Callisto ndiyo yenyewe, ngoja niifungue.

Mimi nguo hazinisumbui. Urefu haunisumbui pia: Wolverine wa komiki ana kama sentimita 160, Hugh Jackman ana 188, na hakuna aliyelia baada ya kumwona akifanya kazi. Ninachoangalia ni kitu kimoja: mhusika anapobanwa kwenye kona, anaamua nini? Storm wa komiki akibanwa anaweka nguvu pembeni na kuingia mwenyewe. Hiyo ndiyo tabia yake. Mwaka 1984 ananyang'anywa nguvu zote kwa bunduki iliyotengenezwa na Forge, mwanaume anayeanza kumpenda, naye Storm anakuja kugundua akiwa ndani ya nyumba ya Forge. Anakaa bila nguvu mpaka 1988. Na katikati ya kipindi hicho, toleo la 201, anagombea uongozi wa X-Men na Cyclops, yule wa macho ya miale, wakiwa kwenye chumba cha mazoezi. Cyclops ana nguvu zake zote, yeye hana hata upepo wa kupuliza mshumaa. Anashinda.

Sasa muvi ikichukua pambano la Callisto, ikatoa kisu ikaweka umeme, imebadilisha silaha na imetoa uamuzi pia. Anabaki mtu mwenye nguvu nyingi anayempiga mwenye nguvu kidogo.

Lakini Chumvi naye asishangilie. Mchukue Killmonger, adui wa Black Panther, yaani T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika. Kwenye komiki za 1973 za Don McGregor amezaliwa Wakanda. Baba yake alilazimishwa kumtumikia Klaw, mhalifu aliyeivamia Wakanda, familia ikafukuzwa, mtoto akakulia Harlem. Muvi ya Black Panther ya 2018 imempa baba mwingine, mwana wa mfalme, na kumzalisha Oakland, na aliyemuua baba ni mfalme wa Wakanda mwenyewe, ndugu yake. Ukihesabu vilivyobadilishwa, ni vingi kuliko kwa Storm. Lakini kidonda ni kile kile: mtoto wa Wakanda aliyeachwa nje ya mlango anarudi kudai. Hata pale anapomtupa T'Challa kwenye maporomoko ya maji, ni tukio la komiki. Kwangu huo ndio uaminifu.

Nakia wa Lupita Nyong'o vivyo hivyo. Kwenye komiki ni binti mmoja wa Dora Milaje, walinzi wa kike wa mfalme, anayechizika kwa kumpenda mfalme mpaka anakuwa adui. Muvi ikampa akili zake na kazi yake ya ujasusi. Kuna mtu hapa anataka yule wa zamani arudishwe?

Chumvi Nyingi

Nakia nakupa. Bane sikupi.

Mwalimu wa Zamu

Habari za jioni. Naomba nichangie upande ambao naona mnaupita haraka: lile swali la binti kuhusu kuabudiwa.

Storm alitokea mara ya kwanza mwaka 1975, kazi ya Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, anamkuta Kenya, wanakijiji wanamwomba mvua, yeye anaishusha. Wanakijiji wale hawana majina. Hawana kabila linaloeleweka, hawana shamba unalolijua wala lugha. Wapo ili yeye aonekane mungu. Ni Kenya iliyochorwa New York na watu waliohitaji mandhari. Kwa hiyo ukimpa mtoto komiki ukamwambia hii ndiyo asili, muvi ni upotoshaji, unamficha kwamba asili yenyewe ina mapengo. Mimi nafundisha fasihi, na wanafunzi wangu huanza kuuliza maswali mazuri pale tu wanapoona mwandishi naye ana macho ya mahali alipokaa.

Mfano mwingine wa karibu ni M'Baku, mpinzani wa Black Panther. Komiki za 1969 zilimvalisha ngozi ya sokwe mweupe na kumwita mtu-nyani. Mwafrika, mtu-nyani. Muvi ikaliacha lile jina, ikamfanya kiongozi wa kabila la Jabari mlimani, mwenye kejeli na heshima zake. Kuwa mwaminifu hapo kungekuwa kosa.

Kwa hiyo mjomba, jibu lako kwa binti ni kwamba hapana, hakuna jamii huku iliyomwabudu. Halafu muulize yeye: ungekuwa unaiandika wewe, wale wanakijiji wangemwambia nini?

Nyamachoma254

Mwalimu heshima zako. Sisi huku Kenya tungemwambia mvua imetosha, barabara zimejaa maji.

bintiTanga

😂😂 Ila nauliza kweli: kama Storm na Black Panther walioana kwenye komiki, mbona kwenye muvi hawajuani kabisa? Na Wakanda iko jirani yetu, kwa nini wanaongea Kixhosa cha Afrika Kusini?

Radi Kavu

Walioana 2006, ndoa ikavunjika 2012. Kwenye muvi hawakuweza kukutana kwa sababu ya makaratasi. Haki za kutengeneza muvi za X-Men zilikuwa kwa studio ya Fox, za Black Panther ziko Marvel wenyewe walio chini ya Disney. Disney ilikuja kuinunua Fox mwaka 2019, muvi ya kwanza ya Black Panther imeshatoka. Ndiyo maana hata wale mapacha Wanda na Pietro mwaka 2015 walitokea kwenye Avengers bila neno mutanti kutajwa, na Magneto, adui wa X-Men ambaye kwenye komiki kwa miaka mingi alijulikana kama baba yao, hakuonekana. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mwandishi wa skripti, angalia kwanza nani anamiliki nani. Mengi tunayoyaita uhaini ni wanasheria.

Kixhosa ni John Kani, aliyecheza T'Chaka, baba yake T'Challa. Ndiyo lugha yake, aliitumia mwaka 2016 kwenye Civil War, muvi zilizofuata zikaendelea nayo.

Mjomba wa Ubungo

Wakuu mmenifungua macho. Mwalimu, lile swali la wanakijiji nalichukua kama lilivyo. Radi Kavu, hapo kwenye uamuzi wa mhusika ndipo nilipokuwa nakwama kwa kukosa maneno.

Chumvi, nimekuelewa, lakini sitamficha muvi. Ataziona tu kwenye simu za wenzake, bora azione kwangu tubishane. Nawaza nianze na ile ya 2016, X-Men: Apocalypse, maana pale Storm ni binti mdogo mwizi wa mitaani Cairo, na hilo nimelikuta kwenye komiki pia. Hata kile kiduku chake ni cha komiki za 1983. Au nakosea?

Radi Kavu

Cairo wameipata vizuri, kiduku nacho sawa. Shida ni kwamba baada ya dakika chache anakutana na Apocalypse, yule adui mkuu wa muvi, anapewa nguvu zaidi, anakuwa mmoja wa wapanda farasi wake wanne, na kuanzia hapo hana la kusema mpaka mwishoni anapobadili upande. Mwonyeshe, lakini isiwe ya kwanza.

Ya kwanza iwe katuni. X-Men '97, ilitoka 2024. Wamechukua ile hadithi ya 1984, ya kupoteza nguvu na Forge, wakaigawa: nusu iko kipindi cha 4, nusu kipindi cha 6. Aliyefyatua bunduki wamembadilisha, mengine wameyasogeza, lakini Storm ni yule yule. Hofu yake ya kubanwa sehemu finyu, aliyoipata utotoni alipofukiwa na kifusi Cairo pamoja na maiti ya mama yake, imo na inafanya kazi kwenye hadithi. Muvi zote za waigizaji hazikuwahi kuitumia hivyo.

Halafu mpe toleo la 186 lenyewe, michoro ya Barry Windsor-Smith. Maneno ni mengi kweli, rafiki yako hakudanganya, lakini akiwa ameshaijua hadithi atayavumilia. Kisha 170, kisha 201. Muvi za Halle Berry zije mwisho, akiwa na cha kulinganisha.

Mwalimu wa Zamu

Naunga mkono mpangilio huo. Toleo la 170 lina damu na kisu, kaa karibu naye. Logan na Deadpool ziache kwanza, ni za watu wazima.

Chumvi Nyingi

Mmeanza na katuni ya TV halafu mnaniita mimi mbishi. Haya. Angalau kisha 170.

Nyamachoma254

Mjomba, moja ya mwisho. Kati ya kipindi cha 4 na cha 6 kuna cha 5, na Storm hayumo. Mtoto atataka kukiruka. Usimruhusu, na usikiweke usiku kama kesho yake mna safari, maana hamtalala, mtakaa mkikijadili. Sisemi zaidi, kuna watu hawajakiona.