Jumamosi moja, mambo matatu: gari inachemsha, mama anataka apelekwe, washkaji wanataka kula. Nichague lipi?

Tairi_Nne:
Wakuu habari za mchana, naombeni mawazo. Jumamosi tuna mtoko wa kula na washkaji, tumeuahirisha mpaka imekuwa aibu, safari hii kila mtu kathibitisha na mi ndo nimepewa kazi ya kubeba watu wanne. Sasa gari imeanza kuchemsha. Nikikaa kwenye foleni mshale wa joto unapanda unasogelea nyekundu, foleni ikiachia nikakimbia kidogo unarudi katikati kama hakuna kilichotokea. Halafu jana usiku mama kapiga simu, Jumamosi hiyo hiyo asubuhi nimpeleke kwa mama mdogo aliyetoka hospitali, na mama yangu ukimwambia "nitaangalia" yeye kashasikia "nakuja".

Kwa hiyo ninavyoona ni hivi, either niende na gari hivyo hivyo na madumu ya maji nyuma niwe naongeza, au niiache kwa fundi halafu tuchukue taksi, au niwaambie washkaji tusogeze tena. Naegemea madumu maana hela ya fundi na hela ya kula zinatoka mfuko mmoja.

Fundi_Mchana:
Madumu futa. Maelezo yako mwenyewe yanaonyesha pa kuanzia, ikichemsha umesimama na ikapoa ukikimbia mtuhumiwa wa kwanza ni feni, kwa sababu ukiwa kwenye mwendo upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta (ile inayopooza maji ya injini) ila ukisimama feni ndo inatakiwa iuvute. Paki gari, iache iungurume mpaka ipate moto, washa na AC, chungulia kama feni inazunguka. Mikono kaa nayo mbali, feni ya umeme inaweza kujiwasha hata ukiwa umezima injini. Kama haizunguki anza na fyuzi na relei (swichi ya umeme inayowasha feni) kabla hujaambiwa ununue feni nzima. Ingekuwa inapanda ukiwa kwenye mwendo au mlimani hapo ningekwambia rejeta imeziba, au thermostati (mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) imekwama, au wota pampu inayozungusha maji.

Kiti_cha_Nyuma:
Mi sina gari ila nimepanda za kuchemsha nyingi tu. Dereva anazima AC anawasha hita mpaka mwisho, vioo chini, tunatokwa jasho wote ila mshale unashuka na tunafika. Sioni kwa nini asiende.

Fundi_Mchana:
@Kiti_cha_Nyuma hiyo ya hita ni kweli kabisa, hita inachukua joto la injini inalimwaga ndani kwenu. Ila hiyo ni ya kukutoa barabarani ukatafute pa kupaki, sio ya kupangia safari ukiwa bado nyumbani.

Sahani_Mbili:
Kusogeza mi nakataa, na nasema kama mtu ambaye kila mtoko wa kundi letu naandaa mimi. Mtoko ukisogezwa mara ya kwanza watu wanaelewa, ya pili wanasema sawa, ya tatu hakuna hata anayejibu meseji na kundi limekufa hivyo. Halafu nani kasema lazima wewe ndo uwe dereva? Waambie leo, sio Jumamosi mchana watu washavaa, kwamba gari mbovu tunachanga taksi. Watu wanne wakigawana nauli ni hela ndogo, na mwenye gari huwa anaweka mafuta peke yake miaka yote, hilo mbona halisemwi.

Shangazi_wa_Wote:
Mwanangu, mbona wote mnaongelea gari na chakula, mama mmemwacha wapi? Mama hakuomba gari, kaomba aende na wewe. Mpeleke kwa taksi, kaeni saa moja mbili muage, mtu aliyetoka hospitali anahitaji alale, hana nguvu ya kukaa na wageni kutwa. Mkitoka asubuhi mapema mchana uko huru na hujamuudhi mtu. Kitu usichokifanya ni kumpandisha mama kwenye gari la kusimama simama njiani kumwagia maji, hiyo habari atawasimulia ndugu wote na utaisikia mpaka uzeeni. Na una ndugu? Mbona kila kitu wewe?

Tairi_Nne:
Shikamoo shangazi. Ndugu yupo mmoja, ana pikipiki, na mama pikipiki hapandi hata umbebe. Hoja yako naikubali. Ila Fundi, hayo maji ya bomba yana ubaya gani hasa? Si kupooza tu?

Fundi_Mchana:
Maji matupu yanachemka nyuzi 100, kulanti (dawa ya kupoozea injini) iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ikiwa chini ya presha ya kile kifuniko cha rejeta inapita 120 ndo ianze kuchemka. Ndo maana kifuniko kikilegea tu gari inachemsha hata kama maji yamejaa. Maji ya bomba ukiyazoea yanaleta kutu na magamba ndani, rejeta inaziba taratibu. Na usije ukafungua kifuniko injini ikiwa ya moto, yanaruka usoni, subiri hata nusu saa ipoe. Ukiendelea kuilazimisha inaunguza gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku), utaona oili imegeuka rangi ya maziwa na moshi mweupe nyuma hauishi, hapo hela ya kula ya mwaka mzima imeenda.

Tairi_Nne:
Nimerudi. Feni haizunguki, fyuzi imeungua. Nimeweka nyingine nayo ikaungua hapo hapo.

Fundi_Mchana:
Basi mota ya feni imekwama au kuna waya umegusana. Usiweke fyuzi kubwa zaidi ili isiungue, utachoma waya. Mpe fundi wa umeme wa magari, sio wa injini.

Tairi_Nne:
Nimempigia, anaichukua kesho, hajaniahidi kama itatoka kabla ya Jumamosi. Mama asubuhi naenda naye kwa taksi, nimemwambia kaniuliza tu tunatoka saa ngapi. Kwenye grupu nimeandika tunachanga nauli, watatu wameshasema poa.

Sahani_Mbili:
Na wa nne?

Tairi_Nne:
Anauliza kama taksi ina AC.

Kiti_cha_Nyuma:
Swali la msingi hilo.