Amplifaya ya hedifoni ya milioni moja na nusu, kweli inaizidi ya laki tatu na nusu?

Msikilizaji_Tanga: Wakuu, habari za jioni. Mjomba wangu anayeishi Ujerumani kaniachia hedifoni yake ya zamani, Sennheiser HD 600. Nasikilizia kwenye laptopu. Bongo Fleva inatoka vizuri, ila nikiweka taarab ya zamani, napandisha hadi mwisho na bado sauti iko chini. Muuzaji mmoja ananishauri amplifaya ya milioni moja na nusu, anasema za laki tatu na nusu "hazina roho". Pesa nimeidunduliza miezi saba. Naombeni ushauri kabla sijaitoa.

Fundi_Waya: Mkuu, usitoe kwanza. HD 600 ina ukinzani (jinsi inavyozuia umeme kupita) wa omu 300, kwa hiyo inataka volti zaidi kuliko hedifoni za kawaida. Ukiipa volti 1 inatoa kama desibeli 97. Nyimbo za sasa zinarekodiwa kwa sauti kubwa mwanzo mwisho, ndiyo maana hizo zinakutosha. Rekodi za zamani wastani wake uko chini sana ya kilele, volti zinaisha kabla hujatosheka. Hilo ni tatizo la kweli na amplifaya inalitibu, lakini hata ya bei ndogo inatoa volti za kutosha.

Mama_Vinyl: Naomba kupingana kidogo. Mimi nina amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za kizamani, ghali, na besi yake ni nene. Nasikia kwa masikio yangu, siyo hadithi.

Fundi_Waya: Dada, unachosikia ni kweli kabisa. Valvu nyingi zina ukinzani mkubwa kwenye tundu la kutolea sauti. HD 600 kwa upande wake haikai kwenye omu 300 muda wote, kwenye besi inapanda na kupita 500. Tundu likiwa na omu 100 hivi, besi inanyanyuka karibu desibeli 1. Kama unaipenda, ifurahie. Ila ni mabadiliko ya toni, na ikwalaiza ya bure kwenye simu, ile ya kupandisha na kushusha besi, inaweza kuyafanya. Mwaka 2011 mhandisi aliyejiita NwAvGuy alichapisha bure mchoro wa amplifaya ya O2, ya vipuri vya kawaida tu, na vipimo vyake vilikuwa safi kuliko vya mashine nyingi za bei kubwa. Tangu hapo sijawahi kumshauri mtu alipie "roho".

Kijana_Studio: Kama unaweza kuazima zote mbili, zijaribu, ila ulinganishe sauti kwanza. Cheza toni ya hezi 200, pima volti za hedifoni kwa multimita (kipimo cha umeme), rekebisha mpaka zilingane. Kisha mtu mwingine akubadilishie bila wewe kuona, mara kumi na tano hivi, uandike kila jibu. Ile iliyo juu hata kidogo tu, sikio huiona nzuri zaidi. Mimi nilikuwa na uhakika kabisa na ya kwangu ya bei, tulipozilinganisha nikapata saba kati ya kumi na tano, sawa na kubahatisha tu.

Bint_Ngamiani: Kaka, hiyo hedifoni ina miaka mingapi? Mito ya masikio imebonyea? Ikishalala, sikio linasogea karibu na spika na sauti yote inabadilika. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kugusa amplifaya. Kuna pia ile adapta ndogo ya Apple ya USB-C ya kuchomekea hedifoni. Ina mlio safi sana kwa bei yake, lakini kwenye simu nyingi za Android sauti inatoka ndogo, kwa hiyo ijaribu kwenye laptopu.

Fundi_Waya: Adapta naikubali, ila inaishia volti 1. Kwa taarab yake bado itapungua. Ya laki tatu na nusu inamtosha, mradi ukinzani wa tundu lake uwe chini ya omu 2 na isivume akiwa hajacheza kitu.

Msikilizaji_Tanga: Nimeitoa mito sasa hivi nikaiangalia. Imelala kabisa, upande wa kushoto umepasuka. Nimempigia mjomba, anasema hajawahi kuibadilisha. Kesho namrudia muuzaji kumwambia ile ya milioni siichukui. Bint_Ngamiani, mito ya HD 600 hapa nchini naipata wapi, au nimwambie mjomba aitume?