Mnara wa simu ya upepo wa Bukoba, Juni 1915: kwa nini ule wa Mwanza uliachwa?

Mwanafunzi_Nyegezi:

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine. Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili ya historia hapa Mwanza, na sura mojawapo inahusu namna Wajerumani na Waingereza walivyopelelezana kuzunguka Ziwa Victoria wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kuna jambo moja ambalo maelezo niliyoyasoma hayaniridhishi.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani walikuwa na vituo vya simu ya upepo (mawasiliano ya redio yasiyotumia nyaya) Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Mnara wa Dar es Salaam uliangushwa tarehe 8 Agosti, siku manowari ya Kiingereza HMS Astraea ilipotokea, kwa hiyo vikabaki viwili, vyote kando ya ziwa letu. Mwezi Juni 1915 Waingereza walipakia kikosi kwenye meli huko Kisumu, wakavuka ziwa, wakateremka karibu na Bukoba, wakaingia mjini tarehe 23, wakauangusha mnara na kuondoka. Mwanza, iliyokuwa kituo kikuu cha Wajerumani ziwani, haikutekwa hadi Julai 1916.

Mara nyingi huelezwa kwamba Bukoba ilishambuliwa kwa sababu mnara wake ulikuwa ukiwasiliana na Ujerumani. Ikiwa sababu ni hiyo, mbona ule wa Mwanza uliachwa mwaka mzima? Na je, shajara za Richard Meinertzhagen, aliyeongoza upelelezi wa jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki kuanzia mwanzoni mwa 1915, zinafaa kutumika kama ushahidi?

Mkazi_wa_Kashai:

Marahaba, mwanangu. Nafurahi sana kuona kijana wa Kanda ya Ziwa akilichukua jambo hili, maana vita vile kwa kawaida husimuliwa kutokea Tanga na Kilimanjaro, na sisi wa huku tunapewa aya moja.

Katika swali lako mna mambo mawili ambayo ni vyema yatenganishwe: mnara ule ulikuwa na thamani gani mwezi Juni 1915, na kwa nini Bukoba ndiyo iliyochaguliwa. Nianze na la kwanza, kwa sababu ndilo linalopotoshwa zaidi. Kabla ya vita Ujerumani ilikuwa imejenga mlolongo wa mawasiliano ya angani uliotoka Nauen, karibu na Berlin, hadi Kamina nchini Togo, na kutoka hapo kuelekea makoloni ya kusini na mashariki. Mlolongo huo ulihitajika kwa sababu nyaya nyingi za simu zilizopita chini ya bahari zilikuwa mikononi mwa Waingereza, na kweli tarehe 5 Agosti 1914, siku moja tu baada ya kutangaza vita, Waingereza walizikata nyaya za Wajerumani baharini. Lakini Kamina yenyewe haikumaliza mwezi: Wajerumani waliiharibu kwa mikono yao wenyewe mwishoni mwa Agosti, walipoona kwamba Togo inaanguka. Windhoek, kituo cha mlolongo huo katika koloni la Wajerumani la Kusini-Magharibi mwa Afrika, ilitekwa na majeshi ya Afrika Kusini Mei 1915. Kwa hiyo meli zilipong'oa nanga Kisumu mwezi Juni, pingili za kati za mlolongo ule zilikuwa zimekwisha kukatika, na mimi siwezi kukubali kwamba mnara wa Bukoba ulikuwa ukizungumza na Berlin siku zile. Ninavyoona, faida yake ilikuwa ya hapa hapa: kuwaunganisha makamanda wa pande mbili za ziwa ambalo juu ya maji yake meli za Waingereza, kama vile Winifred na Nyanza, zilikuwa na nguvu kupita za Wajerumani.

Kuhusu kuchaguliwa kwa Bukoba, tazama ramani na uwatazame askari. Bukoba iko karibu na mpaka wa Uganda na ilikuwa na walinzi wachache, kiasi cha mia mbili hivi, ilhali Waingereza walikuja na watu wasiopungua elfu moja na mia tano. Mwanza iko ndani ya ghuba, imezungukwa na vilima vya mawe ambavyo mlinzi akishakaa juu yake ni taabu kumtoa, na ngome yake ilikuwa na nguvu zaidi. Waingereza walikuwa bado na jeraha la Tanga, ambako Novemba 1914 kikosi chao kikubwa kutoka India kilishindwa na jeshi dogo la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Walihitaji ushindi, na walihitaji ushindi wa bei nafuu. Mnara ulikuwa sababu ya kweli, lakini unyonge wa Bukoba ulikuwa na uzito kama huo au zaidi.

Naomba pia tasnifu yako isiusahau mji wenyewe. Baada ya mapigano askari waliruhusiwa na wakuu wao kupora, nao wakapora. Masimulizi mengi ya Kiingereza hukimbilia habari za mwindaji mashuhuri Frederick Selous, aliyekuwa vitani pale akiwa na umri wa miaka 63, na kuwapita wenye nyumba zilizovunjwa.

Fundi_wa_Kirumba:

Naongeza jambo la kiufundi ambalo wanahistoria huliruka. Kutuma na kupokea ni kazi mbili zilizo mbali sana. Mtambo wa kutuma wa enzi zile ulifanya kazi kwa cheche za umeme: ulihitaji injini, kuni au mafuta ya kuiendesha, na mnara mrefu. Kupokea kulihitaji waya ulioning'inizwa juu, kifaa kidogo cha kunasia mawimbi, na mtu mwenye masikio makini. Ukiuangusha mnara, umemnyima adui kinywa. Sikio lake anaweza kulirudisha kwa waya na miti mirefu ya msituni.

Upande wa pili wa jambo hili ni kwamba ujumbe wa angani husikiwa na kila mwenye chombo, adui akiwemo. Chukua mfano wa meli Rubens, iliyotumwa kutoka Ujerumani ikiwa imejificha kwa jina la Kronborg la Kidenmaki ili kuipelekea manowari ya Kijerumani Königsberg makaa ya mawe na silaha. Mawasiliano yake yalinaswa na Waingereza, na Aprili 1915, miezi miwili tu kabla ya Bukoba, HMS Hyacinth ilikuwa ikiisubiri kaskazini ya Tanga. Rubens ilikimbilia ghuba ya Manza ikapigwa hadi ikawaka moto. Hapo ndipo Waingereza walipokosea vibaya: waliuona moto, wakaamini kila kitu kimeteketea, wakaondoka bila kuhakikisha. Wajerumani wakarudi na kuopoa bunduki na risasi nyingi zilizowasaidia kuendelea kupigana. Taarifa ya siri ilikuwa sahihi kabisa. Uthibitisho wa baada ya tukio ndio uliokosekana.

Kwa hiyo jiulize kama kuuangusha mnara wa adui ni faida wakati wote. Mnara unaosimama ni mnara unaoweza kusikilizwa.

Mwalimu_Igoma:

Kuhusu Meinertzhagen nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nimewaona wanafunzi wazuri wakipoteza alama kwa kumwamini. Alikuwepo, alikuwa na cheo hicho, na ofisi yake Nairobi ilikusanya taarifa nyingi kuhusu jeshi la Wajerumani. Hayo yanathibitishwa na nyaraka za jeshi. Tatizo ni shajara. Zilizopo zimepigwa taipu kwenye kurasa zinazoweza kutolewa na kuingizwa nyingine, na waliozichunguza wameonyesha kwamba sehemu zake ziliandikwa au kubadilishwa miaka mingi baadaye, mwandishi akiwa tayari anajua mambo yalivyoishia. Tena mtu huyu alikuwa mtaalamu wa ndege, na katika miaka ya 1990 ilidhihirika kwamba baadhi ya vielelezo vya ndege alivyovikabidhi kwenye jumba la makumbusho aliviiba kutoka mikusanyo ya wengine na kuvibandika lebo zenye mahali na tarehe za uongo. Mtu aliyeghushi lebo ya ndege aliyekufa, hatuna sababu ya kumpa imani ya bure katika jambo linalomjengea sifa.

Mfano mzuri ni kile kisa chake maarufu, kwamba mawakala wake waliokota karatasi zilizotumiwa vyooni na maofisa wa Kijerumani na kuzisoma barua na amri zilizokuwamo. Inawezekana kabisa kwamba jambo hilo lilifanyika, kwa kuwa jeshi lililokosa karatasi hutumia chochote kilichopo. Lakini ukilitaja, liseme kama dai lake hadi utakapoipata taarifa ya wakati ule inayolingana nalo. Na usisahau kwamba huyu ndiye aliyemuua kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, mwaka 1905, katika mkutano ulioitwa kwa jina la amani. Na hata kisa hicho alikieleza kwa namna ya kujisafisha.

Ushahidi bora utaupata kwingine. Jalada za WO 95 katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza huko Kew, London, zina shajara za vita za vikosi, zilizoandikwa siku hadi siku na maofisa ambao hawakujua kesho itakuwaje, na CAB 45 ina barua na kumbukumbu zilizokusanywa kwa ajili ya historia rasmi. Upande wa Wajerumani ni mgumu, kwa sababu hifadhi ya jeshi iliyokuwa Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945, lakini nyaraka za Wizara ya Makoloni zipo Berlin chini ya namba R 1001, na Dar es Salaam tunayo majalada ya utawala wa Kijerumani katika Nyaraka za Taifa. Sheria yetu ya mwaka 2002 inafungua kumbukumbu za umma baada ya miaka thelathini, hivyo umri wa majalada haya hauwezi kuwa kizuizi.

Ukiyasoma, watafute wavuvi, wachuuzi na wapagazi. Hakuna ofisa wa Kizungu aliyejua njia za majini kati ya visiwa bila kuambiwa na mtu, ingawa mtu huyo huandikwa tu kama “mwenyeji”.

Mwanafunzi_Nyegezi:

Nawashukuru sana. Hoja ya fundi imenigusa zaidi. Je, naweza kuandika kwamba Waingereza waliuacha mnara wa Mwanza kwa makusudi, ili waendelee kuusikiliza?

Mkazi_wa_Kashai:

Usiandike hivyo bado, mwanangu. Ni dhana nzuri, na kuithibitisha kunahitaji kitu kimoja mahususi: daftari au muhtasari wa ujumbe wa Mwanza ulionaswa na Waingereza baada ya Juni 1915, pamoja na dalili kwamba mkubwa fulani aliutegemea katika kuamua. Bila hivyo, maelezo ya uhaba wa askari yanatosha.

Tazama pia namna Mwanza ilivyotekwa. Waingereza walianza na Ukerewe mwezi Juni 1916, kisiwa ambacho mpunga wake uliwalisha Wajerumani, kisha kikosi cha Brigedia Jenerali Crewe kikateremka mbali na mji na kuujia kwa nchi kavu. Mji uliingiwa tarehe 14 Julai, Wajerumani wakiwa wamekimbia kuelekea kusini na kuacha mzinga mmoja mkubwa uliotolewa kwenye Königsberg. Shabaha ya mwendo wote ule ilikuwa Tabora, ambayo Wabelgiji waliwahi kuiingia tarehe 19 Septemba. Anza na shajara za vikosi vya Crewe, uone kama neno lolote linasemwa juu ya mnara kabla ya siku ile ya tarehe 14.