Karatasi za baba kutoka mahabusu: tusahihishe au tuache alivyoandika?

Binti_Igombe
Mwangaluka ndugu zangu, na shikamooni wakubwa. Naombeni mawazo, maana nyumbani hatuelewani.

Baba yetu alikuwa mvuvi wa dagaa hapa Igombe, Mwanza. Mwaka 1993 alikamatwa kwa kesi ya mashine ya boti iliyoibwa, akakaa mahabusu miezi 14, mwisho kesi ikafutwa. Mashine yenyewe hakuwahi hata kuigusa. Mama alibaki na mimba ya miezi minne, ndiyo mimi. Mambo ya kule ndani hakuyasimulia kamwe. Ukimuuliza, anatoka nje kushona nyavu.

Alifariki mwaka jana. Tulipofungua sanduku lake la bati tukakuta, chini ya suruali ya kanisani, bahasha yenye vipande 41 vya karatasi. Vingi ni pakiti za sigara zilizofunguliwa zikanyooshwa, vingine ni mfuko wa saruji uliochanwa kwa mkono. Ameandika kwa penseli, herufi ndogo kama punje za ulezi.

Baba aliishia darasa la nne, na r kwake ilikuwa l, kama wazee wetu wengi wa Kisukuma. Kipande kimoja chote ni hiki: "Kesi imeahilishwa tena. Kalabai zangu zitakuwa zimeshika kutu." Karabai ni zile taa zake za kuvulia dagaa usiku. Basi, hakuna kingine. Nikikisoma namsikia anavyoongea.

Kaka anataka tuchape kwa Kiswahili sanifu, tutoe kijitabu cha wajukuu. Mimi roho inakataa, ila sitaki pia wajukuu wamcheke babu yao. Halafu havina tarehe, hatujui kipi kilitangulia. Pembeni mwa kila kipande kuna vistari tu, hapa vinne, pale tisa. Mnashauri nini? Na maandishi kama haya nayo ni fasihi?

Mwl_Nyegezi
Pole kwa msiba, dada. Nafundisha Kiswahili sekondari. Usisahihishe hata herufi moja, nakuomba.

Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?". Mashairi aliyatunga humo gerezani, akayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalitoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Ni Kimvita kitupu, Kiswahili cha kwao Mombasa. Wanafunzi wangu wa huku ziwani hukwama beti za mwanzo, wananung'unika, nawasomea kwa sauti, na kufika ubeti wa nne au wa tano darasa limetulia. Angekuja mtu akayasanifisha, mtunzi angekuwa amefungwa mara ya pili.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye, akiwa gereza la Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya nzima kwa Kigikuyu, lugha ya mama yake, kwenye karatasi za chooni vilevile. Zilikuwa ngumu, za kumtesa mfungwa, lakini kwa kalamu zilifaa. Askari walizikamata kwenye upekuzi, baadaye akarudishiwa. Ndiyo hiyo tunayoisoma leo kama Shetani Msalabani. Na Nawal El Saadawi wa Misri, aliyewekwa ndani 1981, aliandika kwa kalamu ya wanja.

Kwa hiyo hizo pakiti za sigara ni sehemu ya alichoandika baba. Piga picha kila kipande, mbele na nyuma. Usitie gundi wala selotepu. Usivifungie kwenye nailoni, vitatoa jasho kwa unyevu wa huku. Tumia bahasha za karatasi, na sanduku liwe mbali na ukuta. Kama wajukuu hawataelewa neno, weka maelezo chini ya ukurasa.

Kuhusu fasihi: hiyo ya karabai nimemsomea mke wangu sasa hivi. Aliacha kuchambua mchele.

Mtu_wa_Nansio
Naunga mkono mwalimu. Sisi Ukerewe tunaye mzee Aniceti Kitereza. Hakufungwa, lakini aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, hakuna aliyeichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980, na 1981 akafariki. Miaka 35 yale makaratasi yalikaa yakisubiri. Angeyachoka akayatupa je? Mwambie kaka asiseme "tutayaweka popote".

Nilikuwa_Ndani
Dada, mimi nimekaa mahabusu miaka miwili, sitataja wapi. Hivyo vistari navijua. Mahabusu anapelekwa mahakamani kila baada ya siku 14. Unapanda karandinga asubuhi, unasimama kizimbani dakika tatu, unaambiwa upelelezi haujakamilika, unarudi kwenye maharage yako. Kule siku hazihesabiki, zote ni moja. Tunahesabu safari. Kila ukirudi, kistari kimoja. Hesabu vya kipande chenye vingi kuliko vyote, uone kama havifiki 30. Na penseli usidhani ilikuwa rahisi. Ya kwangu ilikuwa fupi kuliko kidole gumba, nilikuwa naificha kwenye upindo wa kaptura.

Binti_Igombe
Asanteni sana. Jana usiku tulitandika mkeka mimi na kaka, tukavipanga vyote kwa vistari. Cha mwisho kina 30. Mara 14 ni siku 420, karibu miezi 14. Kaka ndiye aliyepiga hesabu, na habari ya kusahihisha hajaitaja tena.

Cha karabai kina vistari vitatu, kumbe alikiandika mapema hivyo. Chenye 12 kilikuwa kimegandamana na kingine, tukakiachanisha taratibu kwa ncha ya kisu. Mama alituambia siku zote kwamba baba alijua nimezaliwa siku aliyotoka, maana hakuna aliyeweza kwenda kumwona. Kuna mtu alimpelekea habari, sijui nani. Kimeandikwa: "Nimeambiwa ni msichana. Nimefulahi."

Nimekichapa hivyo hivyo.